Refa na Kura za Mlimani

Alikuwa akivuka barabara kuu ya Same kama mtu anayekwenda kutoa kadi. Hakukimbia wala kuinua mkono kuomba njia. Alimkazia macho dereva tu, na mabasi ya Arusha, ambayo hayana kawaida ya kumpunguzia mtu mwendo, yalipunguza. Akishafika upande wa pili aligeuka kutazama nyuma, kana kwamba anahakikisha mchezo umeendelea. Steshenari yangu ilipakana ukuta na kibanda chake cha ushonaji, kwa hiyo nilimwona akivuka hivyo kila asubuhi kwa miaka mingi, na sikuwahi kuzoea.

Watu wote walimwita Refa. Mchungaji alimwita Mama Refa, akina mama wanaouza tangawizi sokoni walimwita Refa bila nyongeza, na wajukuu zake walipokuja likizo walimwita Bibi Refa. Mimi nilimwita Mama. Yeye aliniita mwanangu, ila nikimuudhi nilikuwa "wewe wa kompyuta." Alichezesha mpira wa wanaume katika milima ya Upare tangu enzi ambazo mwanamke mwenye filimbi alikuwa kioja, watu walishuka kutoka vitongoji vya mbali kuja kumtazama yeye, mechi ikawa ni ya ziada. Alipoacha uwanja, magoti yakiwa yamechoka, jina halikuacha.

Hakuwa mrefu, na sauti yake ilikuwa ndogo. Mchezaji akimjia na kelele, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu neno moja: "Nimeona." Hakueleza ameona nini. Hata mteja aliyelalamika kwamba suruali imebana alijibiwa hivyo hivyo, na mara nyingi aliondoka na suruali yake akiamini kwamba amenenepa.

Viwanja vya milimani vina tabia zake. Kimoja alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kimelala upande kama sinia lililoinuliwa kumwaga maji. Timu iliyoanza kwa kushambulia kuelekea bondeni ilihangaika kumaliza kazi mapema, maana kipindi cha pili ingepanda. Mpira ukitoka upande wa chini ulikwenda hadi kwenye migomba ya watu, wakati mwingine hadi mtoni, na Refa hakukubali uingizwe mwingine. Aliyeutoa ndiye aliyeufuata. Wengine wote walikaa kwenye nyasi wakisubiri, wapinzani wakigawana miwa.

Kuna siku ukungu ulishuka uwanjani hapo katikati ya mechi, ukawa mzito kiasi kwamba mtu haoni viatu vyake. Wageni walikuwa vijana wa Hedaru, wametembea tangu alfajiri kupanda, na hakuna aliyetaka kurudi nyumbani bila matokeo. Refa akaamuru makipa waimbe ili kila mtu ajue magoli yako wapi. Kipa wa mlimani, mwanakwaya, akashika pambio. Kipa wa Hedaru akaanza kaswida. Mchezo ukaendelea katika weupe ule, watu wakigongana na kuombana radhi, hadi kaswida ilipokatika ghafla. Refa akapuliza filimbi akaonyesha katikati ya uwanja. Wageni hawakubisha. Kipa wao mwenyewe alikiri baadaye kwamba alinyamaza kwa sababu mpira ulikuwa umempita kwapani.

Mumewe, Zefania, alikuwa beki. Sikumkuta akicheza, nilimfahamu akiwa mzee aliyeketi mbele ya kibanda cha mkewe akipinga kila kitu kinachosemwa na redio. Lakini watu walisimulia jinsi Refa alivyompa kadi nyekundu mbele ya kijiji kizima kwa kumvuta mshambuliaji jezi. Zefania alitoka, akakaa kwenye jiwe, akatukana kwa Kipare mpaka mwisho wa mechi. Jioni walirudi nyumbani kwa njia moja, yeye mbele, mkewe nyuma. Nilimuuliza Zefania mwenyewe ilikuwaje walipofika.

"Aliniwekea makande mezani," akasema. "Nikala."

"Hamkuongea?"

"Tuongee nini? Nyumbani alikuwa mke wangu. Ningemgombeza refa gani?"

Zefania alifariki miaka michache kabla ya mambo ninayotaka kuyasimulia. Refa alifunga kibanda siku za matanga, kisha akafungua, akarudi kwenye cherehani. Kiti cha Zefania hakukitoa. Mteja akikikalia alimwacha akae, lakini aliharakisha kazi yake ili aondoke.

Sasa mtu anayesikia haya anaweza kudhani alikuwa mtu wa haki kila mahali. Hapana. Kwenye karata alikuwa mwizi. Jumapili baada ya ibada tulicheza naye nyuma ya kibanda, mimi na mama muuza samaki anayeleta perege kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, na sikumbuki mchezo hata mmoja ambao Refa hakuficha karata mapajani. Tukimkamata alicheka mpaka machozi, akazirudisha, akaficha nyingine. Na bombani, maji yakitoka, ndoo yake ilifika mbele kwa njia ambazo hakuna aliyezielewa. Alilalamika mguu unamuuma, watu wakampisha, akajaza, akajitwisha, akaondoka kwa mwendo wa askari.

Nilimwambia siku moja kwamba angekuwa mchezaji angetolewa kila mechi.

"Ndiyo maana nilichukua filimbi," akasema.

Kwa hiyo mambo ya kura yalipoanza, sikujua atakuwa Refa yupi.

Yalianzia kwa msichana mmoja wa upande wa Mamba, huko juu kwenye tangawizi, anayeitwa Nakundwa. Alikuwa kipa. Refa ndiye aliyemwona kwanza, kwenye bonanza la shule, akicheza netiboli, na akamwambia mwalimu wake kwamba mtoto mwenye mikono ile anapotezwa. Akamshonea glavu za kwanza kwa kitambaa cha mwavuli na sponji ya godoro. Miaka ikapita, Nakundwa akawa anadakia timu ya wasichana ya wilaya, na kuna mtu alimrekodi kwa simu akiokoa mipira miwili mfululizo, wa pili akiwa bado chini. Video ile ikazunguka nchi nzima.

Ndipo tovuti moja ya michezo ya Dar es Salaam ilipomweka kwenye shindano la kipa chipukizi wa kike. Mashabiki wangepiga kura mtandaoni, na atakayeongoza angepelekwa kwenye kituo cha kukuza vipaji, asome na kucheza huko huko. Kwa msichana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kurudi kupalilia tangawizi ya mama yake, hilo halikuwa jambo dogo. Sharti lilikuwa moja, limeandikwa wazi juu ya ukurasa: kila mtu kura moja. Unaandika jina lako na anwani ya barua pepe, unabonyeza, jina lako linapita kwenye ukurasa pamoja na majina ya wengine waliopiga kura muda huo.

Msemaji wa mashabiki wa Same alikuwa Shabani, kijana mwenye duka la vipuri vya pikipiki karibu na stendi. Kwenye mechi ndiye aliyebeba ngoma. Alikuja dukani kwangu na wenzake, akaomba kompyuta zote.

"Dada, leo hatuchapishi kitu. Leo tunapiga kura."

Mwanzoni kila mmoja alipiga yake. Nakundwa akapanda kidogo, kisha msichana wa Mbeya akampita. Shabani akakuna kichwa. Mwenzake mmoja akagundua kwamba ukifuta historia kwenye kompyuta, kisha ukatunga anwani nyingine, tovuti inakupokea upya kama mgeni. Siku hiyo duka langu likawa kama kiwanda. Waligawana kazi: huyu anatunga anwani, huyu anaandika majina, huyu anafuta historia. Wengine walikaa nje na simu, wakibadilisha laini, wakinunua bando, wakishangilia kila namba ya Nakundwa ilipopanda. Watu walipiga kwa majina ya ukoo wa mama, majina ya utani, majina ya watoto ambao hawajajifunza kutembea.

Refa akasikia kelele, akaja na futi yake shingoni.

"Shikamoo Mama," Shabani akasema.

"Marahaba. Mnafanya nini?"

Wakamweleza. Nilimtazama usoni nikisubiri kadi. Alisoma lile sharti juu ya ukurasa, akalisoma tena, kisha akavuta kiti.

"Hawa wa mjini," akasema, "kila mtu ana simu na mtandao. Sisi huko juu kuna vijiji vizima havina. Mtu ana kitochi cha kupigia na kupokea tu. Huyo kura yake nani anampigia?"

"Tunampigia sisi, Mama!" Shabani akasema kwa furaha.

"Mmemuuliza?"

Hawakuwa wamemuuliza mtu. Refa akatoa simu yake ndogo, akaanza kupiga. Aliwafahamu watu wa milima ile kwa sababu amewachezesha, au amewachezesha waume zao, au amewashonea watoto wao sare. Kila aliyepokea alisalimiwa vizuri, akaulizwa habari za nyumbani, mifugo na mvua, kisha akaelezwa shindano kwa utulivu: makipa ni hawa na hawa, huyu wa kwetu, huyu wa Mbeya, huyu wa Tanga. Unamtaka nani? Akishajibiwa alinigeukia. "Andika. Mama Naomi. Nakundwa." Nami niliandika, nikamtungia Mama Naomi anwani ambayo hataiona maishani mwake, nikabonyeza. Katika muda wa simu moja ya Refa, vijana walikuwa wamepiga kura nyingi sana, lakini yeye hakuongeza mwendo.

Kulikuwa na bibi mmoja wa karibu na msitu wa Shengena, mzee sana, ambaye alisikiliza maelezo yote kisha akauliza huyo wa Mbeya ana wazazi. Refa akasema wameandika kwamba ni yatima.

"Basi mpe huyo," bibi akasema. Simu ilikuwa na sauti kubwa, sote tulisikia. "Huyo wa kwetu ana mama yake."

Refa akanigeukia. "Andika. Mbeya."

Shabani akasimama. "Mama! Unampigia adui?"

"Simpigii mimi. Anapiga bibi."

"Kwani atajuaje?"

"Nimeona," Refa akasema, na mjadala ukaisha. Nikampa msichana wa Mbeya kura ya bibi wa Shengena.

Siku zilizofuata ziliendelea hivyo, wao upande mmoja wa chumba, sisi upande mwingine. Nakundwa akashika nafasi ya kwanza, akaikalia. Mji mzima ulijua. Makondakta waliwaambia abiria wa safari ndefu wapige kura basi likisimama kwa chai, muuza perege aliwafungia wateja samaki huku akiwauliza kama wameshapiga. Refa alifurahi kuliko wote. Alinunua soda, akawagawia vijana, akamwita Shabani "nahodha." Jioni alipenda kukaa mbele ya kompyuta mikono ikiwa mapajani, akitazama majina yanavyopita kwenye ukurasa, akiyasoma kwa sauti kama anayeitikia mahudhurio. Akikuta la mtu wake wa mlimani alitabasamu.

Jioni moja alikuwa akisoma hivyo, akanyamaza.

Niligeuka. Jina lililokuwa likipita lilikuwa la Zefania, na la baba yake, yote mawili, yameandikwa bila kosa. Chini yake kulikuwa na maneno ambayo tovuti iliwaandikia wote: Asante, kura yako imepokelewa. Likapita, likaja jina la mlinda mlango wa zamani aliyezikwa Mwembe, kisha la winga mmoja tuliyemzika sote mwaka uliotangulia. Vijana walikuwa wameishiwa majina. Mmoja wao alikuwa ameanza kuwakumbuka wachezaji wa kikosi cha zamani, wengine wakamsaidia, na kwa kweli walifanya hivyo kwa heshima. Nilisikia mmoja akisema, "Huyu alikuwa beki balaa," kabla ya kubonyeza.

Refa hakugomba. Alikaa mpaka majina ya kikosi chote yakapita. Kisha akainuka, akachukua futi yake, akaenda kwenye kibanda chake. Sikusikia cherehani. Nilipofunga duka nilimkuta amekaa kwenye kiti cha Zefania, ambacho sikuwahi kumwona akikikalia.

"Amenipita kwenye kompyuta," akaniambia. "Kama mtu anayepita barabarani. Nikataka kumwita."

Nikakaa chini kwenye kizingiti. Upepo wa Same ulikuwa ukivuma kama kawaida yake, unaokota mifuko na kuiacha.

"Kesho tunapanda Mamba," akasema baadaye.

Tulipanda na lori linalokwenda kuchukua tangawizi, sisi wawili mbele na dereva. Tukapita Kisiwani, nyanda za Mkomazi zikiwa kavu upande mmoja na mlima ukiwa kijani upande wa pili, kisha gari likaanza kupanda na hewa ikabadilika. Njiani Refa hakuzungumza juu ya kura. Alinionyesha viwanja akisimulia: Hapa palikuwa na uwanja, sasa pana zahanati. Hapa nilivunjwa kidole. Hapa walinifukuza kwa mawe, jioni wakaniletea kuku.

Nakundwa tulimkuta shambani na mama yake. Alikuja akipangusa udongo mikononi, mrefu, mwenye aibu, akapiga goti kidogo kumsalimia Refa. Mama yake akatuletea chai ya maziwa na ndizi. Tulipokwisha kunywa Refa akamweleza kila kitu, bila kupunguza: vijana, historia zinazofutwa, simu zake yeye mwenyewe, bibi wa Shengena, na wafu.

"Mimi nataka kuwaandikia wenye shindano wazitoe kura hizo," akasema. "Lakini mlangoni unasimama wewe. Ukisema niache, naacha, na sitakuja kukulaumu."

Mama yake Nakundwa ndiye aliyejibu kwanza. "Refa, mtoto ameshaongoza. Wengine hawafanyi hivyo hivyo?"

"Inawezekana wanafanya."

"Sasa kwa nini sisi?"

Refa akamgeukia mtoto. Nakundwa alikuwa akitazama viganja vyake.

"Bibi," akauliza, "walionipigia kweli ni wangapi?"

"Sijui, mwanangu. Zimechanganyika."

"Kila asubuhi napanda pale kwenye jiwe kupata mtandao, naangalia. Nikawa nasema, kumbe watu wote hawa wananijua." Akainua uso. "Mimi nataka kujua ni wangapi."

Mama yake alichukua vikombe akaingia navyo ndani, na hakutoka mpaka tulipoaga. Alipotoka alikuwa amemfungia Refa tangawizi kwenye kanga kuukuu, akampa bila kumtazama.

Barua tuliiandika kesho yake dukani. Refa alitamka, mimi nikachapa. Ilikuwa fupi. Alisema kura nyingi za kutoka Same zimepigwa na watu wachache, kwamba yeye ni mmoja wao, kwamba mtoto hakuhusika, na kwamba majina fulani ni ya watu walioko makaburini na anaomba yaondolewe kwa adabu. Aliniuliza kama kuna namna ya kuandika "kwa adabu" ambayo mtu wa kompyuta ataielewa. Nikamwambia tuiache hivyo hivyo.

Wenye shindano walijibu kwa shukrani. Wakakagua kura za makipa wote, na kumbe mama yake Nakundwa alikuwa amesema kweli: karibu kila mahali watu walikuwa wamefanya yale yale. Wakafuta zote zilizotoka kwenye chombo kimoja zaidi ya mara moja, namba za wasichana wote zikaporomoka. Ziliposimama, msichana wa Tanga ambaye hakuna aliyekuwa akimtazama ndiye aliyeongoza. Wa Mbeya alimfuata. Nakundwa alikuwa chini yao. Nafasi ilikuwa moja.

Lakini lililomuuma Refa sikulitarajia. Kompyuta haikuweza kumtofautisha Mama Naomi na mtoto asiyejua kutembea. Kura zote za watu wake wa mlimani, aliowauliza mmoja mmoja, zilitoka kwenye mashine ile ile, kwa hiyo nazo zilifutwa.

"Wale walikuwa watu," akasema.

Akatoa simu yake, akaanza kuwapigia tena. Aliwaambia wote, habari za mifugo kwanza na mvua, kisha kwamba kura yako haikuhesabiwa, kosa ni langu, nilidhani naweza kukubebea. Wengi walicheka, walishasahau. Bibi wa Shengena hakucheka.

"Na mimi niliyempa yatima?"

"Na ya kwako, mama."

"Aa," bibi akasema. "Pole yake."

Shabani alikuja kibandani siku matokeo yalipotoka. Alikuwa amelia, na hakuficha.

"Mama, hili ni goli la kujifunga. Umejifunga mwenyewe, ukatufunga na sisi."

Refa aliendelea kukanyaga cherehani.

"Kwani Mzee Zefania angekuwa hai asingempigia Nakundwa? Si angempigia?"

Cherehani ikasimama. "Humjui Zefania. Angempigia wa Tanga ili anikere." Nilidhani atacheka, lakini alivuta uzi akaukata. "Ningemuuliza, Shabani. Angenikatalia, tungebishana mpaka chakula kipoe. Ninyi mlimfanya akubali."

Shabani akaondoka bila kuaga. Msimu huo jezi za mashabiki, ambazo siku zote alizishona Refa, zilishonwa Moshi. Vijana walipita mbele ya kibanda wakitazama upande wa pili, na wengine walianza kumwita Mama Bila Kura, si mbele yake. Yeye aliendelea kuwa wa kwanza kuwasalimia, jambo ambalo kwa umri wake halikumpasa, na hilo liliwatesa zaidi ya matusi. Hakujieleza kwa mtu. Jumapili aliendelea kuiba karata.

Shabani alirudi baada ya mvua za vuli, ameshika ngoma yake iliyochanika mfuko wa kubebea. Aliiweka juu ya meza, akakaa kwenye kiti cha Zefania, na Refa hakuharakisha kazi.

Baadaye macho yalianza kumsumbua, uzi ukawa haupiti kwenye sindano, na mwanawe aliyeko Kihurio akaja kumchukua. Nilichelewa kwenda kumtembelea. Nilikuwa nikijiambia wiki ijayo, wiki ijayo. Nilipokwenda ilikuwa wakati wa kuvuna mpunga. Huko Kihurio maji yanapita kwenye mifereji kando ya njia, na baada ya ukavu wa Same mtu anajikuta amesimama kuyasikiliza. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye mkeka karibu na mpunga ulioanikwa, ana fimbo ya kufukuzia ndege. Alinitambua kwa hatua.

"Wewe wa kompyuta," akasema. "Umekonda."

"Shikamoo Mama. Umenionaje?"

"Marahaba. Unakanyaga kama mtu aliyekonda."

Tukazungumza ya Same: nani ameoa, nani amehama, bomba limehamishwa. Akaulizia habari za Shabani, nikamwambia amepata mtoto wa kike. Akataka kujua kama analala vizuri. Kisha akainua kidole ninyamaze, akavuta redio ndogo iliyokuwa chini ya kanga, akaiwasha.

Ilikuwa mechi ya ligi ya wanawake. Nakundwa, baada ya lile shindano, alikuwa amerudi kwenye tangawizi kwa muda, kisha kocha mmoja aliyeikumbuka video akamwita kufanya majaribio. Walimchukua, kipa wa tatu mwanzoni, sasa wa pili. Hayo nilikuwa nimeyasikia. Sikujua kama amewahi kucheza.

"Bado," Refa akasema, kana kwamba nimeuliza. "Wa kwanza ni mzuri sana. Haumii, haugui."

Mtangazaji akaanza kusoma vikosi. Alisoma wanaoanza, upande huu na upande ule, akitia mbwembwe. Refa aliegemea mbele, sikio karibu kabisa na redio, na ndege wakatua kwenye mpunga asiwafukuze. Kisha yakaja majina ya wachezaji wa akiba, kwa haraka, kama mtu anayefagia. La kwanza lilikuwa la kipa.

"Nakundwa," mtangazaji akasema, na jina la baba yake.

Refa akazima redio.

"Hatusikilizi mechi?" nikamuuliza.

"Ya nini? Hachezi." Akairudisha redio chini ya kanga, akaifunika vizuri. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. "Mechi zote wamekuwa wakimkata jina, wakisema Nakunda. Nikamtuma mwanangu awaandikie hao wa redio, nikadhani hawatasoma." Akaokota fimbo, akawapigia ndege ukelele, wakaruka kuelekea mferejini. "Leo wamelitaja lote."